MTOTO ALIYEVIMBA HAKUNENEPA
Somo juu ya utapiamlo mkali wa watoto wadogo, dalili zake na mambo yanayouleta

Miongoni mwa maradhi yawapatayo watoto wadogo yapo yanayokuja kwa kishindo, kama homa ya malaria au surua, na mzazi huyatambua siku ile ile. Utapiamlo mkali hauji hivyo. Huingia nyumbani polepole, wiki baada ya wiki, na mara nyingi wenye nyumba hawautambui mpaka mtoto amekwisha dhoofika sana. Kwa sababu hiyo yafaa kila baba na kila mama azijue dalili zake, ajue ni watoto gani walio katika hatari kuliko wenzao, na ajue la kufanya kabla siku hazijapita.

Jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba karibu nusu ya vifo vya watoto walio chini ya miaka 5 vina uhusiano na upungufu wa lishe. Katika mwaka 2022 watoto wapatao milioni 45 ulimwenguni walikuwa wamekonda kupita kiasi, na zaidi ya milioni 13 miongoni mwao walikuwa katika hali ya hatari kabisa. Katika Kenya, uchunguzi wa afya uliofanywa nchini kote mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya miaka 5, watoto 5 walikuwa wamekonda kuliko inavyopasa kwa urefu wao, na watoto 18 walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko umri wao. Kudumaa ni matokeo ya lishe duni ya muda mrefu. Kukonda upesi au kuvimba ndiko utapiamlo mkali, na ndiko kuuako haraka.

MFANO WA NYUMBA MOJA

Mfano utasaidia kueleza. Na ichukuliwe nyumba moja katika sehemu kavu za bara ya Kilifi, nyumba iliyo kama nyingi nyinginezo. Baba ni kibarua Mombasa, naye hurudi mwisho wa mwezi. Mama ana watoto watatu, na yule mdogo ana umri wa miezi 17. Mvua za masika zimekosa, mahindi yamekauka yangali machanga, na mama huondoka alfajiri kwenda kuteka maji mbali na kuchoma makaa ya kuuza. Amekwisha shika mimba nyingine. Mama mkwe amemwambia kwamba maziwa ya mwenye mimba humdhuru mtoto, basi amemwachisha ziwa kwa ghafula. Mtoto hushinda na dada yake mwenye miaka 8. Asubuhi hulishwa uji mwepesi wa mahindi, na jioni hupewa sima kwa mchuzi wa mboga. Mwezi uliopita aliharisha siku tano, na tangu hapo hataki kula vema.

Wiki hii mashavu yake yamejaa na miguu yake imetuna. Jirani apita, atazama, asema, "Alhamdulillahi, dada, mwanao ameanza kunenepa." Mama ashukuru, lakini moyoni ana wasiwasi. Mtoto hachezi wala hacheki. Hununa kutwa, hataki kushikwa, na nywele zake zimegeuka rangi na kuwa laini kama za mahindi mabichi.

Katika nyumba hiyo hakuna mzazi mvivu, wala hakuna asiyempenda mwanawe. Hata hivyo mtoto yule yumo katika hatari ya kufa, na siku alizo nazo ni chache. Karibu kila jambo lililotajwa katika habari za nyumba hiyo ni sababu mojawapo ya ugonjwa wake, kama itakavyoonekana hapa chini.

NAMNA MBILI ZA UGONJWA

Utapiamlo mkali huonekana kwa sura mbili. Ya kwanza huitwa nyongea. Mtoto mwenye nyongea hukonda mpaka mbavu zake huhesabika. Ngozi ya mapaja na matako hulegea kwa mikunjo, mithili ya suruali kubwa aliyovalishwa mtu mdogo, na uso wake huwa kama wa mzee. Mara nyingi macho yake yapo wazi, naye hulia kwa njaa.

Sura ya pili huitwa unyafuzi, nayo ndiyo ya mtoto wa mfano ule. Mtoto huvimba, kwanza miguuni, kisha mikononi na usoni. Uvimbe huo ni maji yaliyokaa chini ya ngozi. Si nyama wala mafuta. Nywele hupauka na kung'oka kwa urahisi. Ngozi huweza kufanya mabaka meusi na kubambuka kana kwamba imeungua. Mtoto hukosa hamu ya chakula na huwa mkiwa. Hii ndiyo sura inayowahadaa watu, kwa maana macho huona unene mahali palipo na maradhi.

Watoto wengine huwa na sura zote mbili pamoja: wamekonda mabegani na kifuani, huku miguu imevimba. Hao nao wamo katika hatari kubwa.

Jina la unyafuzi linalotumiwa na madaktari ulimwenguni kote ni kwashiorkor, nalo latoka Afrika. Daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, aliyezaliwa Jamaica, alikuwa akifanya kazi Accra, katika nchi iliyoitwa wakati huo Gold Coast, na sasa Ghana. Aliona watoto wengi wa mwaka mmoja hadi minne wenye uvimbe, na wakubwa wake wa kazi walidhani ni ugonjwa mwingine. Yeye aliwauliza akina mama wenyewe. Wakamweleza katika lugha ya Kiga jina walilokuwa nalo tangu zamani: ugonjwa umpatao mtoto aliyeondolewa mahali pake wakati mdogo wake anapozaliwa. Aliandika habari za ugonjwa huo mwaka 1933, na mwaka 1935 akalitangaza jina lile. Hivyo akina mama wa Accra walikuwa wamekwisha jua mwanzo wa ugonjwa kabla ya vitabu: mtoto hutolewa katika ziwa, na kinachokuja badala ya ziwa hakilingani nalo.

Katika miaka ya 1950 madaktari wengi waliamini kwamba unyafuzi ni upungufu wa protini peke yake, yaani ukosefu wa nyama, maziwa, mayai, samaki na jamii ya kunde. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba jambo lenyewe lina mengi zaidi. Katika Malawi walichunguzwa mapacha wanaolala nyumba moja na kula chungu kimoja, na ikaonekana kwamba mara nyingi mmoja huvimba na mwenziwe asivimbe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba hata vijidudu vinavyoishi tumboni mwa mtoto vina sehemu yao katika ugonjwa huu. Chakula kibaya ndicho msingi, lakini maradhi ya tumbo na uchafu wa mazingira huongeza uzito juu yake.

JINSI MWILI UNAVYOHARIBIKA

Mtoto asipopata chakula cha kutosha, mwili huanza kujila wenyewe. Kwanza hutumia mafuta yaliyowekwa akiba, kisha huila misuli. Ili kupunguza matumizi, mwili hupunguza kazi zake zote. Moyo hupiga kwa udhaifu, ini na figo hufanya kazi kidogo, na tumbo hushindwa kusaga vema chakula hata kikiletwa. Joto la mwili hushuka, na mtoto huweza kufa kwa baridi ya usiku mmoja. Sukari ya damu nayo huweza kushuka ghafula akikaa saa nyingi bila kula.

Lililo baya zaidi ni kwamba nguvu ya mwili ya kupigana na maradhi huondoka. Kuhara ambako mtoto mwenye afya angepona kwa siku chache huweza kumwua mtoto huyu. Pia huweza kuwa na nimonia bila homa na bila kikohozi kikali, kwa kuwa mwili hauna hata nguvu ya kutoa ishara. Na kila ugonjwa unapokuja, hamu ya chakula hupungua, uzito hushuka, na mlango hufunguka kwa ugonjwa mwingine. Njaa huleta maradhi, na maradhi huleta njaa.

JINSI YA KUPIMA

Macho peke yake hayatoshi. Lakini kipimo kilicho bora ni chepesi, na hata asiyejua kusoma aweza kukitumia. Ni utepe wenye rangi tatu unaozungushwa mkononi. Mkono wa kushoto ndio hutumiwa, ukiwa umening'inia bila kukazwa. Hutafutwa mahali pa katikati baina ya ncha ya bega na kiwiko, na utepe huzungushwa hapo bila kubana wala kulegea.

Kwa mtoto wa miezi 6 hadi kabla ya kutimiza miaka 5, mzunguko wa mkono ukiwa sentimita 12.5 au zaidi, utepe huonyesha kijani, nayo ni salama. Ukiwa chini ya sentimita 12.5 lakini haujashuka chini ya 11.5, rangi ni manjano, na mtoto yahitaji aangaliwe na lishe yake itengenezwe upesi. Ukiwa chini ya sentimita 11.5, rangi ni nyekundu, na mtoto yampasa afikishwe katika kituo cha afya siku hiyo hiyo. Katika miaka hiyo mkono hauongezeki unene kwa kiasi kikubwa, na kwa ajili hiyo kipimo kimoja huwafaa watoto wa umri mbalimbali. Siku hizi akina mama wengi wa kaunti kame za Kenya wamefundishwa kuwapima watoto wao wenyewe nyumbani, bila kumngojea muuguzi.

Utepe una upungufu mmoja: hauonyeshi uvimbe. Mtoto mwenye unyafuzi aweza kupimwa na mkono ukawa kijani, hali yu mahututi. Basi miguu nayo sharti ipimwe. Mzazi abonyeze kwa kidole gumba juu ya wayo wa kila mguu kwa muda wa kuhesabu tatu polepole, kisha aachie. Kama shimo limebaki katika miguu yote miwili, mtoto ni mgonjwa sana, hata kama utepe wasema vingine.

WATOTO WALIO KATIKA HATARI

Hakuna sababu moja inayoleta ugonjwa huu. Huja kama kamba iliyosokotwa kwa nyuzi nyingi, na kila uzi ukiongezwa kamba huwa ngumu.

Uzi wa kwanza huanza kabla ya kuzaliwa. Mama aliyekonda, mwenye upungufu wa damu, au aliyeolewa angali msichana mdogo, huelekea kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Mtoto aliyezaliwa chini ya kilo 2.5, na vilevile mapacha, huanza safari akiwa nyuma ya wenzake.

Wa pili ni kufuatana kwa uzazi. Mimba zikikaribiana, mama hana nafasi ya kurudisha nguvu zake, na mtoto wa kwanza hupoteza ziwa, mgongo wa mama na wakati wake kwa pamoja. Kumwachisha mtoto kwa ghafula kwa sababu ya mimba ni kosa linalowagharimu wengi. Maziwa ya mwenye mimba hayana sumu. Katika mwaka wa pili wa maisha, maziwa ya mama huweza bado kumpa mtoto theluthi ya nguvu anazohitaji. Mwenye afya aweza kuendelea kunyonyesha, lakini yeye mwenyewe ahitaji kuongezewa chakula, na kumwachisha mtoto kuwe kwa polepole.

Wa tatu ni namna ya kulisha. Wako wanaompa mtoto wa miezi miwili uji, maji au maziwa ya ng'ombe wakidhani ziwa halimtoshi. Tumbo lake changa hupata uchafu, naye hunyonya kidogo zaidi, na maziwa ya mama hupungua. Wako vilevile wanaochelewa, ambao mtoto wao wa miezi 9 bado hajui chakula. Mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6, kisha apewe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au kupita.

Na kosa kubwa kuliko yote ni uji mwepesi. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo. Likijazwa uji ulio maji matupu, mtoto hushiba upesi na kulala, lakini hakupata cha kujengea mwili. Sima ya mahindi au muhogo peke yake hali kadhalika: huzima njaa, haiukuzi mwili.

Wa nne ni maradhi. Kuhara kwa mara nyingi, surua, malaria, kifaduro, kifua kikuu na virusi vya Ukimwi vyote humkondesha mtoto. Surua hasa hutangulia unyafuzi mara nyingi. Mahali ambapo maji ni machafu na hakuna vyoo, tumbo la mtoto halipoi kamwe, na hata chakula chema hupita bila kumfaidi.

Wa tano ni hali ya nyumba yenyewe. Mama aliyekufa, mama mgonjwa, mama afanyaye kazi ya kutwa mbali na nyumbani, mtoto aliyeachiwa mtoto mwenzake amlishe: haya yote ni hatari. Mtoto wa miaka 8 hana subira ya kumbembeleza mdogo wake amalize kikombe. Katika mitaa ya vibanda mijini hali ni hiyo hiyo, ijapokuwa maduka yamejaa vyakula, kwa kuwa fedha ya siku hutegemea kibarua cha siku.

Wa sita ni ukame. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa mwaka 2022, mvua zilikosa misimu mitano mfululizo katika nchi kame za kaskazini na mashariki ya Kenya. Mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Katika mwaka 2022 ilikadiriwa kwamba zaidi ya watoto laki 9 walihitaji matibabu ya utapiamlo mkali. Katika Turkana, Marsabit, Samburu, Wajir na Mandera, maziwa ndiyo chakula cha mtoto. Malisho yakiisha, wanaume na vijana huondoka na mifugo kwenda mbali, na watoto wadogo hubaki nyumbani na mama zao bila maziwa. Waweza kuwapo ngamia na ng'ombe wengi wa baba, na mtoto wake akakonda kwa sababu yuko mwendo wa siku tatu kutoka mahali walipo.

AIBU INAYOFICHA UGONJWA

Liko jambo jingine ambalo huua watoto kwa kuwachelewesha. Katika nchi ya Wamijikenda, mtoto akikonda au kuvimba namna hii watu husema ana chirwa, na huamini kwamba baba au mama ametoka nje ya ndoa. Katika sehemu nyingine za Waswahili husemwa kwamba mtoto amebemendwa, yaani wazazi wamekutana kabla mtoto hajaacha ziwa. Kwa imani hizo, mtoto aliyevimba huwa kama barua ya siri za wazazi iliyofunguliwa mbele ya kijiji kizima.

Matokeo yake yajulikana. Mama humfunika mtoto nguo asionekane. Hampeleki kliniki, kwa kuogopa macho ya wenzake katika foleni. Baba humshuku mkewe, na mke humshuku mumewe. Fedha kidogo iliyopo hupelekwa kwa mganga wa kienyeji, na majuma mawili au matatu hupita. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua.

Imani hizo hata hivyo hazikutoka katika upumbavu. Wazee waliona kwa macho yao kwamba mtoto ambaye mama yake hushika mimba upesi hudhoofika, na miiko waliyoweka ilikuwa njia yao ya kuachanisha uzazi kwa miaka miwili au mitatu. Waliona kweli, ila walitaja sababu isiyo yake. Kinachomdhoofisha mtoto ni kukosa ziwa, chakula na malezi. Si dhambi ya mtu. Leo nafasi baina ya mtoto na mtoto yaweza kupatikana kwa njia za uzazi wa mpango zilizomo katika vituo vya afya, bila mume na mke kutengana na bila mmoja kumnyoshea mwenziwe kidole.

MATIBABU

Zamani kila mtoto mwenye utapiamlo mkali alilazwa hospitali kwa majuma mengi. Mama alitoka nyumbani, watoto wengine wakabaki bila mlezi, na wodi zilizojaa ziliambukizana maradhi. Katika miaka ya 1960 huko Mulago, Kampala, kilianzishwa kituo kilichoitwa Mwanamugimu, ambacho jina lake latokana na methali ya Kiganda isemayo kwamba mtoto mwenye afya hutoka katika mbeleko, yaani katika malezi mema ya mama yake. Hapo akina mama walipika wenyewe vyakula vya mashambani kwao, wakaona kwa macho yao watoto wakipona kwa chakula, wakarudi nyumbani wamejua.

Mageuzi makubwa yalikuja katika miaka ya 1990, wakati daktari Mfaransa André Briend na wenzake walipotengeneza chakula cha dawa kwa siagi ya njugu nyasa, maziwa ya unga, mafuta, sukari, vitamini na madini. Chakula hicho hutiwa katika pakiti. Hakipikwi wala hakichanganywi na maji, na kwa kuwa hakina maji, vijidudu havisitawi ndani yake upesi. Pakiti moja ya gramu 92 ina nguvu ya kalori 500. Mwaka 2007 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalikubaliana kwamba mtoto mwenye utapiamlo mkali ambaye bado ana hamu ya kula, na hana ugonjwa mwingine wa hatari, atibiwe nyumbani kwao. Mama huja kituoni mara kwa mara, mtoto hupimwa, hupewa dawa ya kuua vijidudu na pakiti za kumtosha mpaka siku ya kurudi. Watoto wengi hupona kwa muda wa majuma machache.

Pakiti hizo ni dawa ya mgonjwa mmoja. Zikigawanywa kwa ndugu zake wote, au zikiuzwa dukani kama peremende, mgonjwa hatapona. Mama akiona kwamba watoto wengine nao wana njaa, amweleze muuguzi waziwazi, ili msaada mwingine utafutwe.

Lakini mtoto anayekataa chakula, anayetapika kila kitu, mwenye degedege, anayepumua kwa shida, mwenye homa kali au mwili wa baridi, au aliyelegea asiyeamka vema, hawezi kutibiwa nyumbani. Huyo sharti alazwe. Katika hospitali huanzishwa kwa maziwa maalumu mepesi, kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Wazazi wengine hukasirika na kusema, "Mtoto anakufa kwa njaa, nanyi mwampa kikombe kidogo?" Sababu ipo. Mwili uliokaa na njaa siku nyingi ni kama moto uliobakiwa na makaa machache. Ukitupiwa gogo zima huzimika. Ukiwekewa kijiti kimoja kimoja huwaka tena. Moyo dhaifu hauwezi kubeba chakula kingi wala maji mengi kwa mara moja. Kwa sababu hiyo hiyo mtoto aliyekonda sana au kuvimba akiharisha, aendelee kunyonyeshwa na apelekwe upesi kwa tabibu, kwa maana kipimo chake cha maji ya chumvi na sukari si sawa na cha watoto wengine.

KINGA YA NYUMBANI

Kinga haihitaji utajiri, ingawa yahitaji uangalifu. Uji wa mtoto uwe mzito, usiodondoka upesi kutoka kijikoni. Utiwe kitu cha kuutia nguvu: njugu zilizopondwa, maziwa, yai, au kijiko cha mafuta. Dagaa au omena waliokaushwa na kusagwa wafaa sana, na bei yao ni nafuu kuliko nyama. Kunde, pojo na maharage yapikwe mpaka yalainike, yapondwe. Mchicha, majani ya kunde, boga, papai na embe humpa mtoto vitamini A, ambayo hulinda macho na kuzuia maradhi.

Mtoto wa miezi 6 hadi 8 alishwe mara 2 au 3 kwa siku, na kutoka miezi 9 mara 3 au 4, na kitu kidogo katikati, zaidi ya ziwa. Awe na sahani yake mwenyewe. Akila katika sinia moja na wakubwa, mkono wake mdogo huchelewa, na chakula huisha. Akiwa mgonjwa alishwe kidogo kidogo mara nyingi, na akipona aongezewe mlo mmoja kila siku mpaka uzito urudi.

Chanjo ya surua hutolewa katika Kenya mtoto akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18. Vitamini A hutolewa kila miezi 6 tangu umri wa miezi 6 hadi miaka 5. Kitabu cha afya ya mama na mtoto kipelekwe kliniki kila mwezi, na mzazi aombe aonyeshwe mstari wa uzito. Mstari unaopanda ni habari njema. Mstari uliolala ni onyo, hata kama mtoto acheka na kucheza. Huo ndio wakati ambapo tiba ni rahisi.

Na baba naye ana sehemu yake. Fedha ya kununua mayai na dagaa mara nyingi imo mfukoni mwake, na ruhusa ya kwenda hospitali mara nyingi hungojewa kinywani mwake. Baba aliye mbali na ampe mkewe ruhusa hiyo kabla hajaondoka.

MWISHO WA MFANO

Katika nyumba ile ya bara ya Kilifi mambo mawili yaweza kutokea. Mama aweza kuyaamini maneno ya jirani, au kuogopa maneno ya watu, akangoja mume arudi mwisho wa mwezi. Au aweza kumbonyeza mtoto miguu, akaona shimo limebaki, akamfunga mgongoni asubuhi ile ile na kushika njia ya zahanati. Tofauti ya safari hizo mbili ni siku chache tu, lakini moja huishia makaburini na nyingine huishia kwa mtoto anayeomba kikombe cha pili. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kwa mtoto mdogo ufa huo huzibika ukiwahiwa.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Mtoto aliyevimba miguu yote miwili hakunenepa; ni mgonjwa, apelekwe siku hiyo hiyo.
2. Rangi nyekundu katika utepe ni hatari. Manjano ni onyo. Kijani bila uvimbe ni salama.
3. Maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6, kisha pamoja na chakula hadi miaka 2 au zaidi.
4. Uji mzito wenye njugu, dagaa, yai au maziwa hujenga mwili. Uji mwepesi hujaza tumbo.
5. Mimba mpya si sababu ya kumwachisha mtoto ghafula.
6. Ugonjwa huu si aibu ya baba wala ya mama. Aibu ni kumficha mgonjwa anayeweza kupona.